Mipango Yangu ya Kumrudisha Kitinda Nyumbani

Jumapili, 6 Oktoba

Nimepanda meli. Mimi! Mtu ninayesikia kizunguzungu nikisimama juu ya kiti kufunga chandarua.

Kitinda kasema mama, andika unachokiona. Sawa. Shule yangu iliishia darasa la nne, lakini mkono bado unaijua kalamu.

Meli yenyewe ndogo, nyeupe, inanukia rangi mpya na vitunguu. Kitinda ni kitindamimba wangu. Kazi yake kuwaongoza wageni visiwani na kuwaonyesha wanyama. Safari ya mwisho wa msimu, kila mfanyakazi anaruhusiwa kuleta ndugu mmoja. Kaka zake wakagombea nafasi kama paka wawili na utumbo mmoja. Kitinda akasema anakuja mama. Nililia pale pale sokoni, muuza nyanya akanipa kiti.

Kabla ya kupanda tukasimamishwa kwenye beseni. Viatu vua. Nyayo zikasuguliwa kwa brashi, mifuko ikageuzwa nje ndani, pindo la gauni likachunguzwa kana kwamba nimeiba. Na ndivyo itakavyokuwa kila tunaposhuka. Huko visiwani, ati, mbegu moja ngeni ikianguka inaota, inazaa, inafukuza majani ya wenyeji, kobe wanalala njaa. Mkaguzi ni Kitinda mwenyewe. Mkali! Kaninyang'anya mbegu zangu za maboga za kutafuna, mbele za watu. Nikamkumbusha nani alikuwa akimwogesha. Akasema ndiyo mama, ahsante mama, geuza na mfuko wa pili.

Chumbani nimepangwa na mwalimu mstaafu. Ana darubini shingoni, kubwa kama chupa mbili za chai. Kimoyomoyo nimemwita Mama Darubini. Nilimkuta ameshakalia kitanda cha dirishani. Akasema amesoma habari za ndege wote wa huku. Nikasema mimi nimemzaa mwongozaji. Moja bila.

Jioni, mezani, pigo. Kitinda kanishika mkono chini ya meza. Kasema kuna kisiwa cha mwisho, mbali kuliko vyote. Hakina mji, hakina duka, simu haishiki. Bwana mmoja anaishi huko na mkewe, wanawalinda ndege wakubwa wa baharini. Wanamtaka mtu wa tatu, akae nao tangu ndege wanapotaga mpaka vifaranga waruke. Karibu mwaka mzima! Kitinda ameomba. Bwana huyo yumo humu melini anarudi kwake, na tukifika ndiye atakayeamua. Shingo ndefu, miguu myembamba, macho ya pembeni. Bwana Ndege. Jina lingine angepewa lipi?

Nikasema vizuri sana mwanangu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mtoto ukimkataza unamwongezea mbio. Hilo kaka zake walinifundisha. Kwa hiyo sitamkataza. Nitapanga. Jumapili ijayo meli ikigeuza kurudi, Kitinda atakuwa humu ndani, amekaa ubavuni kwangu, akiamini ni yeye mwenyewe aliyetaka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Asubuhi ukungu. Bahari haikuonekana, ilisikika tu ikipumua. Kisha mlima mweusi ukatokea juu, bila miguu, kama umening'inizwa kwa uzi. Kileleni moshi mwembamba, wa mtu anayechemsha maji kidogo. Kitinda akawaambia wageni mlima huu ulitapika moto juzijuzi tu, babu zetu wakiwa watoto. Juzijuzi! Ndivyo wanavyohesabu huku.

Mpango wa kwanza: Hofu. Nimwonyeshe kwamba wanyama ni hatari na roho ya mama yake itaruka. Nilijiandaa kupiga yowe kwa mnyama wa kwanza, yeyote yule, hata panzi.

Tukashuka. Ardhi nyeusi, imejikunja mikunjo mikunjo kama shuka lililosukumwa kitandani na mtu aliyechelewa kazini. Juu yake mijusi wakubwa kama paka. Wengi! Mmoja kamlalia mwenzake, mwenzake kamlalia mwingine, wote wametazama upande mmoja kama wanangoja basi. Mara mmoja anapiga chafya, chumvi inaruka puani. Nikafungua mdomo kupiga yowe, nikajikuta nasema pole baba. Yowe likapita hivyo.

Nikangoja mwingine. Akaja simba bahari. Si simba wa kunguruma huyu. Ni mnyama laini, mnene, ana macho ya mtoto aliyeamshwa kabla ya wakati. Kitoto chake kikatoka majini. Kikawapita watu wote. Kikampita hata Mama Darubini, ambaye alishapiga goti kujipendekeza. Kikaja kwangu. Kikanusa kiatu. Kikalaza kidevu juu ya pindo la gauni. Kikasinzia.

Sheria ya visiwani: mnyama usimguse, usimsogelee. Akikusogelea yeye, simama tuli mpaka aondoke kwa hiari yake. Nikasimama. Jua likapanda. Wenzangu wakaenda kuona pango, wakarudi. Kitoto kinakoroma. Kina joto. Pumzi yake inapanda mguuni kwangu, inashuka. Bahari nayo inapanda, inashuka. Ikafika mahali sikukumbuka tena nilikuja na ghadhabu gani. Nikaanza kuyumba kidogo kidogo, vile unavyoyumba na mtoto mgongoni hata akishalala.

Mama yake akakiita kutoka majini. Kikaamka, kikanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelala kwake, kikaenda zake.

Bwana Ndege akaja kunipa mkono. Akasema hajapata kuona mtu anatulia namna ile, na sasa anajua Kitinda amerithi wapi. Kumbe nampigia debe! Nilitaka kumwambia kwamba miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa woga. Lakini Mama Darubini alikuwa anasikiliza. Ng'o.

Jumanne, 8 Oktoba

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mpango wa pili: Mchumba.

Msichana akishapenda hana haja na miamba. Nimemchagua Mpishi. Mpole, kucha safi, anakata kitunguu bila kudondosha chozi. Asubuhi nilijipeleka jikoni kumenya viazi, nikampeleleza taratibu. Nikamwuliza kama bahari haimchoshi mtu mpweke. Akasema inachosha sana, mama. Nikasema Kitinda anapenda mchuzi mzito. Akasema hata yeye, mchuzi mwepesi ni maji ya kunawa. Moyo wangu ukaanza kushona sare.

Mchana likashushwa boti la mpira tukatafute nyangumi. Viti nikapanga mimi. Mpishi hapa, Kitinda hapa ubavuni kwake, mimi kule mbele nikiangalia pembeni kama sijui kitu. Kitinda akainuka kwenda kushika injini. Pengo likabaki. Mama Darubini akalikalia! Kwa makalio yake yote ya kustaafu.

Na Mpishi, mtu anayekaanga samaki meli ikiinama huku na huku, kumbe boti dogo haliwezi. Akageuka rangi ya supu ya jana. Akamkamata Mama Darubini mkono. Naye hakuuvuta. Akamwambia atazame mbali, pale bahari na mbingu zinapokutana, avute kwa pua, atoe kwa mdomo, haya, tena, vizuri sana. Kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza kuandika a.

Kisha Kitinda akazima injini.

Maji yalikuwa laini kama mafuta. Kimya kikashuka, kile kimya cha kusikia masikio yako yenyewe. Chini yetu pakawa kijani. Pakawa peupe. Kitu kikaanza kupanda, polepole, kikubwa kuliko boti, kikubwa kuliko meli, kikubwa kuliko mtaa wetu na kisima chake. Nyangumi. Mgongo ukatoka, ukapita, ukapita, ukazidi kupita, kama treni isiyo na stesheni. Akapumua. Mvuke wake ukatuangukia sote. Unanuka samaki wa juzi! Hata hivyo nilifumba macho nikaupokea usoni kama mvua ya kwanza. Nilipofumbua, jicho lake lilikuwa pale, dogo, la kizee, limejaa subira. Nilitamani kumwuliza ana watoto wangapi na wako wapi sasa hivi.

Akazama. Shimo la maji likajifunga taratibu.

Akili iliponirudia, Mpishi bado kashikwa mkono. Na jioni nimeambiwa kwamba alifiwa na mkewe siku nyingi na ana wajukuu. Wajukuu! Ile ngozi nyororo ni kazi ya mvuke wa masufuria tu. Nilikuwa karibu kumwoza mwanangu kwa babu.

Mama Darubini kaletewa kipande cha keki kikubwa kuliko cha nahodha. Moja moja.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa tatu: Ugonjwa. Nashangaa kwa nini sikuanza na huu. Mtoto gani aliyelelewa vizuri atamwacha mama mgonjwa?

Mlima wa kisiwa cha leo umefungua mdomo, na ndani yake wingu limekaa kama maziwa kwenye bakuli. Humo wanaishi kobe, wakubwa kama meza ya chakula. Njia nyembamba, majani marefu pande zote, kila jani na tone lake la maji. Nikachagua mahali penye nyasi laini. Nikaanza. Kwanza mkono kifuani. Halafu goti moja. Halafu nikalala chali kabisa, nikaguna mguno wa kumaliza mambo.

Kitinda hakupiga kelele. Nami nilizitegemea kelele! Alipiga magoti, akanishika mshipa wa mkono, akaniuliza maswali machache kwa sauti ya chini. Akanilegeza kola. Akanyanyua miguu yangu juu ya mkoba wake. Akawakalisha wageni kando, akamtuma mmoja maji. Mikono yake mikavu, haina haraka, inajua inakokwenda. Nikawaza, huyu ni nani? Amekuwa mkubwa hivi lini, nami nilikuwa wapi, jikoni nikipuliza moto?

Kisha kobe akaja. Njia ni yake, haambiwi apishe. Akaelekea kichwani kwangu. Hatua moja, anafikiri. Hatua nyingine, anafikiri tena. Akafika. Shingo ikatoka, ndefu, ya makunyanzi, uso wake ukawa juu ya uso wangu. Ananukia majani mabichi na mvua. Kitinda akaninong'oneza mama usitikisike. Nitikisike niende wapi?

Kobe akashusha pumzi, ndefu, kama mwanamke aliyemaliza kufua nguo za nyumba nzima. Nami nikashusha yangu. Tukaelewana. Akaanza kula nyasi kando ya sikio langu. Krr. Krr. Krr. Wingu likapita juu yetu likanilowesha kope. Sauti za watu zikaenda mbali, zikawa kama redio ya jirani.

Nikalala. Kweli kabisa! Usingizi mtamu wa mchana, ambao sijaupata tangu nimzae Kitinda. Mama Darubini anasema nilikoroma mpaka kobe akaacha kula. Mzushi huyu. Nani asiyejua nani anakoroma chumbani kwetu?

Nilipofumbua macho Bwana Ndege alikuwa anaongea na Kitinda. Anamwambia kule kwetu daktari hakuna. Tunamtaka mtu asiyetetemeka mwenzake akianguka. Anasema leo hakuhadithiwa, ameona.

Mama yangu! Nimemfaulisha mtihani.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mpango wa nne: Huruma. Mimi sijui kuogelea. Nitaingia majini, nitapiga yowe la kupasua anga, Kitinda ataona wazi kwamba mama yake ni kiumbe asiyeweza kuachwa peke yake.

Wakanivalisha jaketi la kuelea, miwani ya kuzamia, mrija mdomoni, viatu vya bata. Nikajiona kwenye kioo cha dirisha. Chura aliyealikwa harusini.

Nikashuka ngazi. Maji baridi yakanipanda kiunoni. Nikatoa mrija, nikajaza hewa. Yowe likatoka. Si langu! Mama Darubini, nyuma yangu, baridi imemfika mbavuni, kaliiba yowe langu zima zima. Meli yote ikamkimbilia. Mpishi kaja na taulo mkono huu na mwiko mkono huu. Sasa nani atasikiliza yowe la pili? Nikasema ngoja watulie. Nikarudisha mrija, nikaweka uso majini nikingoja zamu yangu.

Lo.

Maneno ya shule sina. Nitaandika tu. Huko chini kuna mchana mwingine. Jua linashuka kwa nyuzi nyuzi, zinayumba. Samaki wa njano wamesimama, hawajashika kitu. Sisikii lolote ila pumzi yangu kwenye mrija, inakwenda, inarudi, kama kuna mtu mwingine amelala karibu. Na uzito sina. Mimi! Magoti haya yaliyopanda vilima na ndoo yananing'inia tu, hayaombwi chochote.

Kasa akapita chini yangu. Yule haogelei, anaruka. Anapiga bawa, anasahau, anakumbuka, anapiga tena. Mgongo wake kama kigae cha nyumba ya zamani. Hana miadi na mtu. Pengwini wakakatiza, wafupi, wa mbio, kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Na ukuta wa mlima wenyewe, mweusi, unashuka, unashuka, mpaka pale buluu inapoumeza. Moto wote ule wa zamani umelala huko chini, umepoa, samaki wanautekenya.

Nikahisi vidole kwenye vidole vyangu. Kitinda. Tukaelea. Nywele zake zimesimama zinacheza kama majani. Ndivyo alivyokuwa tumboni mwangu, nikawaza, anaelea na siri zake. Na leo tumo humo wote wawili.

Yowe nililisahau. Limenikumbuka wakati wa chakula cha jioni, mdomo umejaa wali. Kitinda akaniuliza mbona macho mekundu, mama. Nikasema maji yaliingia kwenye miwani.

Kesho tunafika kisiwa cha mwisho. Jikaze kisabuni, mwanamke wewe.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeupata. Mpango wa tano, mpango wenyewe. Una ukatili kidogo, ndiyo maana umechelewa kunijia.

Bwana Ndege hana mzaha na mbegu. Akimkuta mkaguzi mwenyewe kavaa mbegu, kwisha habari. Hatamfukuza kazi, hapana. Atamwambia tu labda msimu mwingine. Kitinda atalia kidogo. Nitampikia anachopenda. Atasahau.

Mbegu nimezitoa wapi? Kwenye mkunjo wa mkono wa sweta langu la bustanini, ambalo sijalivaa hata siku moja huku. Kishona nguo, zile mbegu nyeusi nyembamba kama sindano, ukipita majanini zinakuganda mpaka nyumbani. Nilizibeba bila kujua, naapa.

Soksi za wafanyakazi huanikwa nyuma ya meli kwenye kamba. Zote za kijani, zote sawa, meli ndiyo inayowagawia. Nitazijuaje za Kitinda? Akili ni nywele! Pea moja ilikuwa imeshonwa kisigino kwa uzi mweusi, mshono mdogo mdogo, wa kupishana, safi kabisa. Huo mshono ni wa nyumbani kwetu. Nilimfundisha mwenyewe, kwenye meza ya jikoni. Nikachomeka mbegu kisiginoni. Nikaondoka kama niliyekuja kunusa upepo.

Nikakaa kitandani. Nikajisikia vibaya. Mama Darubini akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu aniache. Akaenda akarudi na chai ya moto, na sukari kaweka vile ninavyopenda. Mwanamke mbaya sana huyu. Anachagua wakati wa kuwa mwema!

Chai ikanisuta. Nikaona uso wa Kitinda anaaibishwa mbele za watu, midomo inamtetemeka kama alipokuwa mdogo. Hapana. Heri abaki kisiwani mpaka ndege wamwote mabawa. Nikatoka mbio kwenda kuzitoa.

Kamba tupu! Kila mtu keshavaa soksi zake.

Meli ikatia nanga. Tukapanga mstari kwenye beseni. Bwana Ndege wa kwanza, furaha imemjaa, mkewe yuko ufukweni anapunga kitambaa. Mimi nyuma, nimeshika ukingo wa meli kwa mikono miwili, namwomba Mungu anipe tetemeko dogo tu la ardhi. Kitinda akamwambia Bwana Ndege asubiri kidogo. Nyanyua mguu, baba. Akainama. Akachomoa kishona nguo, na nyingine, na nyingine, kutoka kisigino cha soksi ya Bwana Ndege.

Kumbe naye hugawiwa soksi za meli, na mshono ule ni wa kwake! Mwanamume anashona soksi kuliko binti niliyemfundisha mimi. Na Kitinda, nimekuja kuuliza baadaye, soksi ikitoboka anaomba mpya. Nimelea nini mimi?

Bwana Ndege akataka kulifanya jambo dogo. Akasema basi si zimeshatoka, mke ananingoja pale. Kitinda akasema mkeo atangoja. Vua zote mbili, baba. Kung'uta suruali. Viatu virudi kwenye beseni. Sauti yake haikupanda wala kushuka. Mzee wa watu akavua. Akasimama peku mbele ya abiria wote, miguu ya korongo, anasuguliwa nyayo na binti wa juzi.

Kisha akacheka. Kicheko kirefu, mpaka akashika kiuno. Akasema siku zote amekuwa akitafuta mtu atakayethubutu kumzuia hata yeye, na wote waliopita walikuwa wakimwambia pita mzee. Akasema mbele ya nahodha na kila mtu: huyu ndiye.

Makofi. Mama Darubini alipiga kuliko wote, darubini inamruka kifuani. Nami nikapiga. Ningefanyaje?

Jumamosi, 12 Oktoba

Mpango sina.

Kitinda kanipeleka kuwaona ndege wake. Juu kabisa, upepo, nyasi fupi, mwamba unakatika ghafla na bahari iko chini kule, haina hata sauti. Jina la ndege ni albatrosi. Limenishinda, nawaita Mabibi. Kutembea hawajui! Wanayumba kama mtu aliyeazima viatu vya dada yake. Wakikutana wawili wanainamiana, wanagonganisha midomo kama visu vinavyonolewa, halafu wanainua shingo wanatazama mbinguni, kimya, kama wamesahau walichokuwa wakisema. Mmoja akaenda mpaka ukingoni. Nikasema ataanguka! Akafungua mabawa, marefu, hayaishi kufunguka. Akaweka mguu hewani, bila kuruka, kama anashuka ngazi ya nyumbani kwake. Upepo ukamchukua.

Tukakaa. Mawingu yanapita chini yetu. Sikuwa na hakika kama niko macho.

Ndipo Kitinda akasema. Akasema mama, najua. Siku ya kobe mshipa wako ulikuwa unapiga vizuri kuliko wangu. Na Mpishi alinieleza habari za mchuzi mzito. Habari za kishona nguo hakusema, alinitazama tu, nikatazama ndege. Akasema ukiniambia nisibaki, sibaki. Sema tu. Nitafungasha, na sitakulaumu leo wala kesho.

Wiki nzima nimelitafuta neno hilo kwa hila, na sasa kaniwekea mkononi kama tunda lililomenywa.

Nikafungua mdomo. Wakati huo huo bibi mmoja akaja anayumbayumba, akampita Kitinda karibu kabisa, bawa likamgusa goti. Hakumtazama hata kidogo. Alimpita kama unavyompita jirani mlangoni kwake, mtu uliyemzoea, asiyehitaji salamu kila saa. Na Kitinda hakujikaza ili atulie. Alikuwa ametulia tu. Uso wake nimewahi kuuona hivyo alipokuwa mchanga, ameshiba, bado hajalala.

Nikasema huku kuna upepo. Utakuwa unafunika masikio? Akasema nitafunika. Nikasema kila siku? Akasema kila siku, mama. Nikasema basi kaa.

Nikafungua kitambaa changu cha kichwa nimfunge. Hata hapo akakikung'uta kwanza. Tukacheka. Halafu tukalia, kila mtu ametazama upande wake ili mwenzake asione.

Jumapili, 13 Oktoba

Meli imegeuza. Kitinda alisimama ufukweni kati ya Bwana Ndege na mkewe, anapunga. Akawa kidole. Akawa nukta. Akawa kisiwa.

Nimetafakari sana. Nimejifunza. Mtoto humbebi mgongoni milele, na hila humrudia mwenye hila. Nimemwambia hivyo Mama Darubini, akasema nimekuwa mtu mzima. Nikamshukuru, na kitanda cha dirishani akanipa. Nilikuwa mtu mpya kabisa, moyo maji matulivu, tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne.

Kwenye chai Mama Darubini akapitisha neno alilolipata kwa Mpishi. Meli hii itarudi tena kule, kupeleka vyakula kabla vifaranga hawajaanguliwa. Wageni hawatakuwepo. Ni wafanyakazi peke yao.

Wafanyakazi peke yao!

Nimekwenda jikoni. Nimemwambia Mpishi mtu mwenye mapenzi hawezi jiko peke yake, mawazo yataunguza chungu. Amekiri kwamba jana alitia chumvi mara mbili. Nimerudi chumbani. Nimemshauri Mama Darubini asikubali kuolewa kienyeji, Mpishi aje kwanza ajitambulishe kwa ndugu zake, na ndugu wako mbali, kwa hiyo itachukua muda, na muda unaofaa ni ule ule wa safari ya vyakula. Amesema mama mwenzangu, wewe unanipenda kweli. Nimesema mno.

Kisha nahodha. Nilimpata kwenye usukani, mahali asipoweza kukimbia. Nikamweleza kwamba safari ya vyakula jiko litabaki bila mtu, kwamba kisiwa cha ndege kinataka watu wakimya, na kwamba mimi ni mtu mkimya sana, wa maneno machache, mtaani kwetu wananijua kwa ukimya wangu. Nikamweleza tangu chai mpaka chakula cha mchana.

Ameomba nimpe nafasi afikiri. Hapana hakusema! Mtu asiyesema hapana ni mlango uliorudishwa tu, komeo halijatiwa. Kesho nausukuma kwa bega.